Msitu wangu wa mezani unaonekana kama bustani ya mboga. Nakosea wapi?

#1 Waya_Tatu

Wakuu, salaam.

Wiki sita sasa nakata, nasokota na kupaka. Nimemaliza vitako tisa vya msitu (vibao vya kubandikia miti) kwa ajili ya meza ya vita, ule mchezo wa kupiganisha sanamu ndogo za askari, kipimo cha askari wa milimita 28. Kila kitako kina miti minne hadi sita, sentimita 14 kwenda juu. Mashina ni nyaya za umeme nilizomenya na kusokota, nikapaka gundi nyeupe iliyochanganywa na jasi. Juu nimebandika sponji niliyosaga kwenye blenda pamoja na rangi ya kijani. Chini nimejaza ile mimea ya plastiki ya matangi ya samaki.

Mti mmoja mmoja nikiushika mkononi, naupenda. Nikivipanga vyote tisa mezani na kurudi hatua mbili nyuma, naona bustani ya mboga. Askari wakiingia humo wanaonekana wamekuja kumwagilia.

Ninayecheza naye anasema "pazuri", lakini ni ile "pazuri" ya mtu anayeulizwa huku mwenye nyumba amemkazia macho.

(Kuna kitako cha kumi, cha majaribio, nilikifanya mwaka jana. Hicho sikihesabu, nilikitupia juu ya kabati.)

Kinachoharibu ni nini hasa? Rangi? Urefu? Plastiki? Nataka kujua kabla sijaanza vingine.

#2 Bi_Brashi

Picha ziko wapi? Uzi wa miti bila picha ni kutupigisha ramli.

#3 Waya_Tatu

Nimeongeza tatu hapo juu. Samahani.

#4 Bi_Brashi

Nimeziona. Ni mng'ao. Hiyo mimea ya tangi umeiacha na ngozi yake ya kiwandani. Ndiyo, jani la kweli nalo hung'aa, lakini hapo kwako kuna mstari mweupe wa taa unaopita juu ya kila jani kama mstari wa chaki. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke kabisa, ipulizie rangi ya msingi ya plastiki, halafu kijani kilichokolea karibu na cheusi. Kisha brashi kavu yenye kijani cha njano, kwenye ncha tu. Malizia na vanishi isiyong'aa. Ukifanya hivyo nusu ya tatizo imekwisha.

#5 Mzee wa Msasa

Nusu? Robo, binti yangu. Tatizo la kijana huyu ni kijani kimoja. Miti arobaini na kitu, yote imetoka chupa moja. Mimi nikisaga sponji natenga mafungu manne: la kwanza kijani cha kizani, la pili nimetia kahawia, la tatu njano, la nne kijivu kidogo. Kila mti unapewa fungu kuu moja na punje za mafungu mengine, na miti miwili iliyo jirani haishiriki fungu kuu.

Na hayo mashina! Nani aliwaambia shina ni la kahawia? Hiyo ni kahawia ya penseli za darasani. Toka nje ukaangalie gome: ni kijivu, kijivu chenye ukijani, mengine karibu meupe.

#6 Nusu_Sentimita

Naleta hesabu, mtanisamehe. Milimita 28, ukitegemea kama unapima hadi machoni au hadi utosini, inaangukia kati ya 1/56 na 1/64 ya ukubwa halisi. Tuchukue 1/56. Mti wa msitu wa mvua wenye mita 30, ambao si mrefu kwa msitu huo, mezani unatakiwa uwe na sentimita 53 na ushee. Ile mirefu inayochomoza juu ya wenzake kwa mita 60 inapita mita moja mezani.

Mkuu amejenga mti wa sentimita 14. Kwa kipimo chake hiyo ni mita 7.8. Hicho ni kichaka kilichojitahidi. Macho hayadanganyiki, yanamwona askari, yanamwona mti, yanahitimisha: bustani.

#7 BabaDadu

Nusu_Sentimita na hesabu zako 😂 Mti wa mita moja mezani nani atafikia askari wake? Mchezo unachezwa kwa mikono. Kipimo cha msitu wa mezani ni kidole: kati ya shina na shina lazima kitako cha askari cha milimita 25 kikae, na kidole gumba kipite bila kung'oa tawi. Mimi sishuki chini ya milimita 40. Urefu wa miti yangu ni sentimita 15 hadi 18, na hakuna aliyewahi kulalamika.

#8 Nusu_Sentimita

Sikusema ajenge mita moja. Nimesema anachokiona kinatokana na nini. Ila hata sentimita 25 kwa miti miwili mitatu ingebadilisha picha. Sasa hivi yote ni 14, kama imepitiwa na kinyozi.

#9 Waya_Tatu

Kinyozi 😂 Hapo nimepigwa. Nilikata waya zote sawa ili kazi iende haraka.

#10 Kangaga

Wote mnazungumzia mti. Mwenzetu ameuliza kuhusu msitu.

Ndani ya msitu wa mvua ambao haujakatwa, mwanga unaofika chini ni kama asilimia 2 tu ya ule ulioko juu, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo sakafuni hakuna vurugu ile tunayoifikiria. Unaweza kutembea wima. Kuna miche inayosubiri nafasi, kuna kangaga, kuna mashina yaliyonyooka ambayo huoni tawi mpaka uinue shingo. Vurugu, yaani miiba, mimea inayotambaa, majani kwa majani hadi hupitishi mkono, iko ukingoni: kando ya mto, kando ya barabara, palipoanguka mti mkubwa, au pale palipowahi kulimwa pakaachwa. Ukuta huo wa majani upo kwa sababu jua linaingia kwa ubavuni.

Sasa angalia miti ya Waya_Tatu. Kichwa kipana, cha mviringo, kinaanzia robo ya shina. Huo ni mti ulioota peke yake uwanjani na kupata jua pande zote. Mti wa msituni huwa mlingoti wenye mwamvuli. Na chini yake ameweka vichaka vilivyoachana kwa umbali sawa. Ametengeneza miti ya shambani juu ya sakafu ya bustani. Jicho linasoma bustani kwa sababu ndiyo iliyojengwa.

Mimi ningesema chagua: ni ndani au ni ukingo?

#11 BabaDadu

Hii ya Kangaga imenigusa hata kikanuni. Kwenye meza yangu msitu wote ulikuwa kitu kimoja: huoni zaidi ya hatua fulani, unatembea nusu mwendo. Kumbe ukingo unafaa uzibe mstari wa kuona na kuchelewesha mtu, halafu ndani afunguke kidogo. Nimeanza kutengeneza vipande vyembamba vya ukingo, urefu sentimita 15, upana sentimita 4, vya kuzungushia eneo. Ndani naweka mashina machache tu yenye vitako vyake, yanayoondoka.

#12 Mgeni_wa_Meza

Samahani, mimi ni mgeni kabisa. "Yanayoondoka" maana yake nini?

#13 BabaDadu

Karibu. Unakata kipande cha ubao mwembamba au plastiki chenye umbo lisilo na pembe. Hicho ndicho eneo la msitu, na mpaka wake wachezaji wote wanaujua. Miti unaibandika kwenye vitako vidogo vya pekee, chini ya kila kimoja unatia washa ya chuma (kile kipete bapa cha boliti) ili usipinduke. Askari wakiingia unasogeza mti pembeni, wakitoka unaurudisha. Kinachohesabika ni eneo. Mti ni pambo.

#14 Mzee wa Msasa

"Mti ni pambo." Haya ndiyo maneno yanayoua ufundi.

#15 Fundi Povu

Wakati mnabishana, mimi nimekuza picha ya pili. Mmea wa kushoto umeshaanguka. Waya_Tatu, umebandika kwa gundi nyeupe, sivyo? Mimea mingi ya tangi ni plastiki ya jamii ya mifuko, ile yenye utelezi kama nta. Gundi nyeupe haiishiki, itakauka na kubanduka kama ngozi. Hata supagluu inaishika kwa aibu. Usitegemee gundi, tegemea tundu: toboa kitako, pitisha kikonyo hadi kitokee chini, kisha chini ndiko uweke donge la gundi ya moto. Likipoa kikonyo kimefungwa kama msumari uliopindwa.

Na rangi nayo itabanduka ukiikunja plastiki hiyo, Bi_Brashi. Usimwahidi mtu miujiza.

#16 Bi_Brashi

Ndiyo maana nilisema rangi ya msingi ya plastiki. Nina mimea ya miaka mitatu haijabanduka. Ila sijaikunja, kweli.

#17 Mgeni_wa_Meza

Na mimi nina kesi. Nilichonga kilima cha msitu kwa lile povu jeupe linalokuja na maboksi ya vyombo vya umeme. Nikapuliza rangi ya mkebe. Kilima kikaanza kujila chenyewe mbele ya macho yangu, kimebaki na mashimo kama sega la nyuki. Ilikuwa povu mbovu?

#18 Fundi Povu

Povu ni nzima, rangi ndiyo imeila. Viyeyusho vilivyomo kwenye mkebe huyeyusha aina hiyo ya povu. Supagluu ya kawaida nayo inaitafuna. Kabla ya kupuliza, ipake povu yote gundi nyeupe iliyotiwa maji kidogo, mara mbili, hasa pale ulipokata, au tumia rangi ya maji kwa brashi. Usikitupe hicho kilima, mashimo hayo ukiyapaka kijivu ni mwamba mzuri sana.

#19 Chindwin44

Nimechelewa uzi. Mimi najenga meza ya Bonde la Kabaw, Burma, 1944, ile safari ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, KAR (askari wa Afrika Mashariki wa jeshi la Waingereza), wakiteremka kwenye masika kuelekea Kalewa. Nimeshatengeneza minazi 30. Sakafu natia majani makavu yaliyosagwa, tabaka nene, kwa kuwa msituni majani yaliyooza hufika magotini. Naomba ushauri wa matope.

#20 Kangaga

Mkuu, hongera kwa meza, wazo ni zuri. Ila mambo mawili.

Minazi 30 kwenye Bonde la Kabaw? Mnazi ni mti wa jua, wa pwani na wa mashamba. Ukicheza Guadalcanal, kile kisiwa cha Pasifiki, sawa, kule mashamba ya minazi yalikuwapo na watu walipigana ndani yake. Kabaw ni bara, na unachohitaji ni misaji (mitiki) na mianzi, na nyasi ndefu zinazompita mtu.

Pili, kwenye msitu wa joto na unyevu majani hayarundikani hadi magotini. Yanaoza upesi mno, na tabaka mara nyingi ni jembamba. Picha ya majani mengi miguuni ni ya misitu ya nchi za baridi wakati yanapopukutika.

#21 Chindwin44

Minazi 30, mkuu. THELATHINI. Kila kuti nimekata kwa mkasi.

#22 Mzee wa Msasa

Pole sana. Ihifadhi, utahamia Pasifiki. Umetengenezaje makuti? Mimi hutumia manyoya ya ndege: napunguza pembeni kwa mkasi, naloweka kwenye gundi ya maji, nakunja uti kidogo, napaka. Karatasi huonekana karatasi.

#23 Chindwin44

Karatasi nzito. Nakunja katikati kwa urefu, nakata mapindo ya mshazari kuelekea kwenye mkunjo bila kuufikia, nafungua, kisha nabandika waya mwembamba chini ya uti. Ukiipaka gundi kabla ya rangi haionekani karatasi hata kidogo. Shina ni waya uliozungushiwa tepu ya karatasi, kila mzunguko unapanda nusu ya uliotangulia, zile pete zinajitokeza zenyewe.

#24 Nusu_Sentimita

Kwa misaji una bahati. Jani la msaji ni kubwa, hufika sentimita 40 hadi 50. Kwa 1/56 hiyo ni milimita 7 hadi 9. Maana yake ni moja ya miti michache ambayo unaweza kuitengenezea jani mojamoja la karatasi likawa sahihi kwa kipimo. Mashine ndogo ya kutoboa maumbo ya majani kwenye karatasi inatosha. Jani la kawaida la sentimita 12 linakuwa milimita 2 tu, hapo sponji iliyosagwa ndiyo yenyewe.

Hii pia ni sababu ya mboga kwenye meza ya Waya_Tatu! Majani ya hiyo mimea ya tangi yana sentimita mbili. Kwa askari huyo ni jani la mita moja na zaidi. Mmea mmoja wa namna hiyo sawa, mgomba una jani la mita mbili. Kitako kizima? Hapo ni kabichi za majitu.

#25 Waya_Tatu

Subirini niweke hesabu. Mpaka sasa kosa langu ni: mng'ao, kijani kimoja, mashina ya kahawia, urefu, kinyozi, vichwa vya miti, nafasi sawa, na kabichi za majitu. Kuna kitu nilichofanya vizuri?

#26 BabaDadu

Umeuliza vizuri.

#27 Taa_Moja

Mimi naona mnamwonea. Angalieni picha: taa ndefu nyeupe ya dari iko juu ya meza moja kwa moja, na sakafu ya vitako ni mchanga wa rangi ya krimu. Mwanga unashuka, unagonga mchanga, unarudi juu kumulika majani kwa chini. Hakuna kivuli popote. Msitu ni kiza ambacho ndani yake kuna majani. Hapo hakuna kiza.

Badilisha sakafu tu. Kahawia iliyokolea sana, karibu nyeusi, hasa katikati na kuzunguka mashina. Pembeni mwa kitako iruhusu ipauke. Kivuli usikisubiri kwa taa, kipake. Hata chini ya vichwa vya miti puliza nyeusi kutokea chini kwenda juu, kijani kibaki mgongoni.

#28 Mzee wa Msasa

Napinga. Kitu kidogo lazima kipakwe rangi iliyopauka kuliko kitu halisi, maana unakiona kana kwamba uko mbali. Ukitia nyeusi utapata shimo mezani.

#29 Nusu_Sentimita

Mzee wangu, kwa heshima. Jicho la mchezaji liko kama sentimita 75 kutoka kwenye askari. Kwa 1/56 hiyo ni mita 42. Ukisimama mita 42 kutoka kwenye mti halisi, hewa imepausha nini? Hakuna. Hoja hiyo ina nguvu kwa wale wa milimita 6, wao wanatazama uwanja wa vita kutoka zaidi ya mita 200.

#30 Mzee wa Msasa

Hewa sizungumzii. Kitu kidogo chumbani kinapata mwanga mdogo kuliko jua la nje, kinaonekana cheusi kuliko kilivyo. Nimepaka vitu hivi kabla hujajua kutumia rula. Pausha.

#31 Bi_Brashi

Mzee anasema pausha, Taa_Moja anasema tia giza, na wote wawili wana meza nzuri, nimeziona. Ndiyo raha ya uzi huu.

#32 Fundi Povu

Kabla hamjamaliza na mchanga: Waya_Tatu, vitako vyako vimejikunja. Picha ya tatu, ncha zimeinuka. Ubao wa milimita 3 ukiupaka gundi ya maji upande mmoja, ikikauka inajivuta na kuinua ncha. Paka upande wa chini pia, siku hiyohiyo, ubao uvutwe pande zote mbili. Vilivyokwisha kujikunja vilowanishe chini kidogo, uviwekee uzito usiku mmoja. Baadhi yao hurudi.

#33 Taa_Moja

Kwangu haikurudi. Nilihamia plastiki ngumu ya mabango, haijui maji.

#34 Mgeni_wa_Meza

Kwa nini tusitumie vitu vya msituni vyenyewe? Nimeokota ukoga wa kijani wa kwenye magogo, vijiti na mizizi, bure kabisa, na inaonekana halisi kwa sababu ni halisi.

#35 Bi_Brashi

Umekausha?

#36 Mgeni_wa_Meza

Nimeweka kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, lisipate vumbi.

#37 Bi_Brashi

Lifungue sasa hivi.

#38 Mgeni_wa_Meza

Nimefungua. Kuna nywele nyeupe. Na kuna kitu kimetembea.

#39 Kangaga

😂😂 Ukungu na wapangaji wake. Kitu cha porini kikaushe kwanza juani siku kadhaa, kisha kwenye jiko la kuokea kwa nyuzi 100 hivi kama nusu saa, ukikilinda macho, ndipo ukipake gundi ya maji. Vijiti na mizizi ni hazina kweli, mzizi mwembamba uliopinduliwa juu chini ni mti tayari. Ukoga na majani mabichi yakikauka hukatika ukiyagusa. Hayo loweka kwenye gliserini, sehemu moja kwa maji ya moto sehemu mbili, yanabaki laini. Kijani chake lakini hakidumu, utapaka tu.

Majani ya chai yaliyotumika nayo yakikaushwa vizuri ni sakafu nzuri ya msitu. Tabaka jembamba, Chindwin44 😉

#40 Chindwin44

Nimeelewa, nimeelewa. Minazi nimeifungia kwenye boksi, haina ukungu.

Matope bado sijajibiwa.

#41 Fundi Povu

Gundi nyeupe, jasi, rangi ya kahawia, mchanga laini kidogo. Lainisha kwa kijiti, chora alama za magurudumu ikiwa bado mbichi. Ikikauka, vanishi ing'aayo kwenye mabonde ya alama tu. Kwa dimbwi la kina usimimine epoksi yote mara moja, inapata joto lake yenyewe na kupasuka. Tabaka za milimita 2 au 3, kila moja ikauke.

#42 BabaDadu

Kwa hiyo Bi_Brashi anachukia mng'ao na Fundi anauza mng'ao.

#43 Bi_Brashi

Matope ni maji. Maji yana ruhusa.

#44 Mzee wa Msasa

Zamani hatukuwa na epoksi wala blenda. Yule Reisswitz wa Prussia, wa mchezo wa vita wa mezani, alianza na meza ya mchanga mwaka 1824 na mambo yakaenda.

#45 Nusu_Sentimita

Mzee, hao ni wawili. Baba ndiye aliyempelekea mfalme meza yenye vigae vya mandhari vinavyopangwa, 1812. Mwaka 1824 ni mtoto wake, naye alihamishia mchezo kwenye ramani. Ukitaka kuwa mkali, huyo wa 1824 alifuta miti yote akabaki na karatasi.

#46 Mzee wa Msasa

Huyo ndiye BabaDadu wa kwanza.

#47 Waya_Tatu

Wakuu, nilipotea wiki tatu. Naleta majibu.

Nilichukua vitako vinne, kila kimoja nikakitengeneza kwa neno la mtu mmoja, bila kuchanganya. Cha kwanza, Bi_Brashi: nimeosha, nimepaka, nimeua mng'ao. Cha pili, Mzee: mafungu manne ya sponji, mashina ya kijivu, vyote vimepaushwa. Cha tatu, Kangaga: nimeng'oa vichaka vya katikati, miti milingoti yenye miamvuli, mmoja una sentimita 26 (Nusu_Sentimita ahesabu humo humo), na mizizi ile mipana kama mbawa nimeitengeneza kwa kadi na jasi. Cha nne, Taa_Moja: sakafu nyeusi, kivuli cha kupuliza.

Nikamwita mwenzangu. Nikavipanga mezani, sikumwambia kipi ni cha nani. Nikamwomba achague kimoja kinachofanana na msitu. Akavizunguka muda mrefu sana. Akasema kile pale.

Alikuwa ameonyesha juu ya kabati.

#48 BabaDadu

Acha.

#49 Waya_Tatu

Cha majaribio. Mwaka mzima hakijaguswa. Mimea ileile ya tangi, sponji ileile, kahawia ileile. Nimekishusha nikakitazama karibu. Kimejaa vumbi.

Na kweli, wakuu. Kinafanana na msitu.

#50 Bi_Brashi

VUMBI LIMEUA MNG'AO. Nilisema posti ya nne.

#51 Mzee wa Msasa

Vumbi limepausha. Kijivu juu ya kijani, ndilo fungu langu la nne. Asante, kesi imefungwa.

#52 Taa_Moja

Vumbi hutua juu tu. Chini ya majani hakuna, kwa hiyo chini pamebaki na giza na juu pamepauka. Hicho ni kivuli nilichosema, kimepakwa na mwaka mzima badala ya mkebe.

#53 Kangaga

Kiko juu ya kabati. Mmekitazama kwa chini, huoni nafasi kati ya kichaka na kichaka, unaona ukingo tu. Kishusheni mezani halafu aulizwe tena.

#54 Nusu_Sentimita

Na akiwa amesimama mbali, kabatini hakuna askari wa kulinganisha naye. Bila askari hakuna kipimo.

#55 Waya_Tatu

Nimekishusha mezani kama Kangaga alivyosema, nikaweka askari wawili ndani kwa ajili ya Nusu_Sentimita. Mwenzangu akasema bado ni hicho. Halafu akaongeza kuwa cha Kangaga ndicho angependa kupigana ndani yake, kwa sababu vidole vinapita.

#56 BabaDadu

Vidole. Asanteni, nawasalimu wote.

#57 Fundi Povu

Swali la kiufundi: utakichezeaje bila kulifuta hilo vumbi? Ukipuliza vanishi kwa karibu, upepo wa mkebe utalipeperusha. Jaribu kutoka mbali, nusu mita, ukungu mwepesi ushuke wenyewe. Au saga chaki ya kijivu na ya njano, nyunyiza kwa chujio juu ya vitako vingine, ufanye vumbi la kutengeneza.

#58 Waya_Tatu

Chaki naijaribu leo kwenye vile vitano vilivyobaki. Cha vumbi la kweli nimekirudisha kabatini kwanza, nimebandika karatasi: KISIPANGUSWE.

#59 Chindwin44

Mkuu, juu ya hilo kabati kuna nafasi ya minazi 30?